Mkutano wa Wazazi Umeitishwa, Sisi Tuko Wapi?



Ndugu Waislamu, kila mwaka ufikapo mwezi wa Juni, madrasa yetu hapa Kariakoo hupungukiwa na wanafunzi. Hawapungui wote, bali ni wale wa darasa la saba. Mtoto aliyekuwa akihudhuria kila siku baada ya Alasiri, ambaye amekwisha kufika nusu ya Msahafu, hutoweka ghafla, na hurejea Septemba baada ya mtihani wa taifa ilhali amesahau mengi aliyoyahifadhi. Wengine hawarejei kabisa. Kwa muda wa miaka mitatu tulilinung'unikia jambo hili. Tulilisema katika darsa, tulilisema barazani, na mara moja, Mwenyezi Mungu atusamehe, tulilisema juu ya mimbari kwa maneno makali, kwamba ipo njama ya kuwatenga watoto wetu na Kitabu cha Mola wao.

Mwaka wa nne, mzazi mmoja anayeuza vitenge katika Mtaa wa Kongo alitungoja mlangoni baada ya swala akatuambia, "Ustadh, maneno haya tumeyasikia mwaka jana na mwaka juzi. Kwa nini tusiende tukamuulize Mwalimu Mkuu mwenyewe?" Tukaona haya kukataa. Tukaenda.

Mwalimu Mkuu wa shule ile, ambayo hatutaitaja, alikuwa mama wa makamo, Mkristo, mtu wa bara. Alitukaribisha vizuri, akatusikiliza hadi mwisho, kisha akafungua daftari la mihtasari ya vikao na kutusomea. Masomo ya ziada ya darasa la saba yalipangwa kuanza saa tisa alasiri hadi saa kumi na moja na nusu, kwa makubaliano ya mkutano wa wazazi. Tarehe ilikuwepo na sahihi zilikuwepo. Waliohudhuria walikuwa wazazi kumi na tisa, katika shule yenye watoto zaidi ya elfu moja. "Mimi nilipendekeza muda huo," akasema, "nikauliza kama yupo mwenye pingamizi. Hakuna aliyenyanyua mkono. Kumbe ndiyo saa ya madrasa? Sikujua, Ustadh. Mbona hamkusema?"

Hatukuwa na jibu. Katika muda wa wiki mbili ratiba ile ilibadilishwa: sehemu moja ya masomo iliwekwa asubuhi kabla ya kengele ya kwanza, na nyingine ikawa inamalizika kabla ya saa kumi. Haikuhitajika barua kwa waziri, wala maandamano, wala tamko la masheikh. Na yale maneno yetu ya juu ya mimbari yalikuwa ni dhana mbaya tupu, juu ya mwanamke ambaye hatukuwahi kuzungumza naye hata siku moja.

Tangu siku ile tumekuwa tukijiuliza ni mambo mangapi mengine katika shule hizi yameamuliwa kwa namna hiyohiyo, sisi tukiwa dukani, au tukiwa msikitini, au tukiwa tumelala.

Tuanze na sheria, kwani wengi wetu hatuijui. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 iliagiza kila shule ya msingi ya serikali iwe na Kamati ya Shule, na kila sekondari iwe na Bodi ya Shule. Katika kamati wamo wazazi waliochaguliwa na wazazi wenzao katika mkutano, na Mwalimu Mkuu ndiye katibu. Kwa muda mrefu kamati hizi zilikuwa ni majina tu kwenye karatasi. Ulipokuja Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, kuanzia mwaka 2002 hadi 2006, ada ya shule ya msingi ilifutwa, fedha zikaanza kupelekwa katika akaunti za shule zenyewe, na kamati zikapewa kazi ya kupanga matumizi, kusimamia ujenzi wa madarasa na kuwatangazia wazazi mapato na matumizi kwenye ubao wa matangazo. Ruzuku iliyotumika kwa miaka mingi kuwa ndiyo kiwango ni Sh 10,000 kwa kila mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, sehemu yake ikiwa ni ya vitabu. Shule yenye watoto elfu moja, hiyo ni Sh milioni 10. Si fedha nyingi kwa shule, lakini ni fedha ambayo mzazi ana haki ya kuiuliza imefika kiasi gani na imetumika vipi. Ni wangapi katika safu zetu za Ijumaa waliowahi kusimama mbele ya ubao ule na kusoma?

Kisha ukaja Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, na kuanzia Januari 2016 elimu ikawa bila ada hadi kidato cha nne. Kidato cha tano na cha sita vikafuata mwaka 2022. Tunaishukuru neema hii, kwani yatima na maskini wa mitaa yetu wamefaidika nayo. Lakini imezaa fahamu mbovu. Zamani mzazi alifika shuleni angalau kulipa, na alipolipa aliuliza. Leo mzazi anadhani kwamba kwa kuwa halipi, basi hana lake. Waraka uliofuata mwaka 2016 ulieleza bayana kwamba sare, madaftari, chakula na matibabu ya mtoto vimebaki juu ya mzazi. Hata hilo wengi hawakulisoma, wakabaki kugombana na walimu kwa sababu ya fedha ya uji.

Ukituuliza ugonjwa huu umeanzia wapi, tutakwambia kwamba hatukuwa hivi. Tukirejea katika historia ya mji huuhuu, wazee wetu waliona kwamba serikali ya kikoloni ilikuwa ikizipa ruzuku shule za misheni ilhali watoto wa Kiislamu wakibaki na madrasa ambayo haikuhesabiwa kuwa ni shule. Hawakuishia kulalamika. Mwaka 1933 waliasisi Al-Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika, na miongoni mwa waliokuwa mbele ni marehemu Kleist Sykes, yuleyule aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa African Association mwaka 1929. Wakajenga shule katika mtaa uliokuwa ukiitwa New Street, ambao leo ni Mtaa wa Lumumba, ndani ya Kariakoo hii. Mle mtoto alisoma Qur'an na akasoma hesabu. Waliofanya hivyo walikuwa makuli, makarani, mafundi na wafanyabiashara wadogo. Elimu yao wenyewe aghalabu haikuwa kubwa. Ila waliijua shule kuwa ni yao, hivyo waliisemea.

Mwaka 1968 jumuiya ya EAMWS iliyokuwa ikijenga shule za Waislamu ilipigwa marufuku, na mwaka huohuo ikaundwa BAKWATA. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ikazitia shule za mashirika ya dini, za Waislamu na za Wakristo, mikononi mwa serikali. Yaliyosemwa juu ya matukio hayo ni mengi na baadhi yake ni machungu, nasi hatuyakanushi. Lakini limebaki jambo moja ambalo halizungumzwi. Shule zilipoitwa "za serikali", Waislamu wa mjini tuliliondoa jina letu juu yake. Tukasema: ni ya serikali, basi serikali itajua. Wenzetu Wakristo, ambao shule zao nyingi zilitwaliwa vilevile, hawakuondoka. Padri aliendelea kuja kufundisha kipindi cha dini. Mama wa jumuiya akagombea ujumbe wa kamati. Miaka hamsini na kitu imepita, tunatazama kamati na kusema, "Mbona wamejaa wao tu?" Wamejaa kwa sababu walihudhuria.

Hapa ndipo tunapotaka kuwa wakweli zaidi, japo wapo watakaotuchukia. Kipindi cha dini kipo katika ratiba ya shule za serikali. Serikali haiajiri walimu wa kukifundisha. Imeiachia kila dini ilete mwalimu wake. Katika shule tulizozitembelea katikati ya mji, tulikuta kwamba mwalimu wa Kiislamu alikuja muhula mmoja, akakosa hata nauli ya daladala, akaacha. Watoto wetu hukaa chini ya mwembe wakati ule, au huambiwa waende nyumbani, na katika shule moja tuliwakuta wakifagia uwanja. Tulipotaka kukasirika tulikumbushwa na mwalimu mmoja kijana, Mwislamu, "Ustadh, barua ya kuomba mwalimu ilipelekwa msikitini. Hatukujibiwa." Msikiti huo una mapato ya pango la maduka. Nauli ya mwalimu mmoja kwa mwezi haifiki bei ya zulia moja kati ya mazulia tuliyoyabadilisha kabla ya Ramadhani iliyopita.

Twaijua hoja ya mfanyabiashara wa Kariakoo, kwani ndugu zetu na mashemeji zetu ni haohao. Mkutano wa wazazi huitishwa siku ya kazi, asubuhi, wakati mzigo unashuka. Anayefunga duka saa tatu amepoteza wateja wa Zambia na wa Kongo waliolala gesti wakisubiri kununua jumla. Tena watoto wengi wanaosoma katika shule za Kariakoo na Gerezani hawaishi hapa. Huja na wazazi wao kwa daladala na mwendokasi kutoka Mbagala, Gongo la Mboto na Kimara, hivyo mzazi si mkazi wa mtaa ule, hamjui mwenyekiti wa mtaa wala diwani, na hajioni kuwa ana sauti. Hoja hii ina uzito. Lakini tukumbuke yaliyotokea Mei 2023. Wafanyabiashara wa Kariakoo walipochoshwa na usumbufu wa kodi na amri ya kusajili stoo, walifunga maduka. Soko lililokuwa halilali likawa kimya, Waislamu na Wakristo, Wachaga na Wakinga na Wapemba, wote wamekaa vizingani. Siku ya tatu Waziri Mkuu, Mheshimiwa Kassim Majaliwa, alikuja kukaa nao Mnazi Mmoja na kuwasikiliza mmoja mmoja. Waliweza kufunga siku tatu kwa ajili ya stoo. Kutoka viwanja vile vya Mnazi Mmoja hadi baadhi ya shule tunazozizungumzia ni mwendo wa dakika chache kwa miguu, na mkutano wa wazazi huchukua saa mbili, mara mbili au tatu kwa mwaka.

Na ikiwa siku ya kazi ndiyo kikwazo, basi lisemwe hilo. Yule Mwalimu Mkuu alipoombwa ahamishie mkutano Jumapili saa nane mchana, baada ya ibada za kanisani na wakati soko limepoa, alikubali bila ubishi. Waliofika mara hii walijaza madarasa mawili.

Ama kwa upande wa dini, tumewasikia vijana wetu wakisema kwamba kukaa katika kamati pamoja na wasiokuwa Waislamu, chini ya sheria za nchi, ni kupoteza muda au ni kuingia katika siasa. Tunawaheshimu kwa ghera yao, lakini elimu haikubaliani nao. Mtume (S.A.W.) kabla ya kupewa utume alihudhuria Hilful Fudhul, mapatano yaliyofanyika Makka katika nyumba ya Abdallah bin Jud'an ya kumsaidia aliyedhulumiwa, na waliohudhuria wote hawakuwa Waislamu. Baada ya utume aliyataja mapatano yale kwa sifa, na akaeleza kwamba lau angeitwa tena kwa jambo kama lile angeitika. Na baada ya vita vya Badr, katika mwaka wa pili wa Hijra, mateka wa Makureshi wasiokuwa na mali ya kujikomboa walikombolewa kwa kuwafundisha watoto wa Madina kuandika. Mwalimu alikuwa mshirikina, tena adui aliyetekwa vitani, na bado elimu yake ilichukuliwa. Je, sisi tumkimbie mwalimu aliyeajiriwa kwa kodi zetu?

Wanazuoni wa fiq'hi wameigawa faradhi mafungu mawili. Ipo faradhi ya kila mtu, kama swala tano, na ipo faradhi ya kutosheleza, ambayo wakiifanya baadhi imewaondokea wengine, na wakiiacha wote, wote wamepata dhambi. Tumezoea kuifundisha kwa mfano wa swala ya maiti, hata watoto hudhani kwamba faradhi ya kutosheleza ni maiti tu. Imamu Ghazali na wengine waliingiza humo tiba na hesabu na kazi ambazo mji hauwezi kusimama bila yake. Sisi twaona, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba kuwasimamia watoto elfu moja wa mtaa katika shule yao ni katika fungu hilo. Hailazimu kila mzazi awe mjumbe. Lakini kila msikiti uwajue wajumbe wake ni nani, na kama hakuna hata mmoja, jamaa wote wa msikiti ule wajihesabu.

Tunaongeza neno kuhusu akina mama. Katika wale wazazi kumi na tisa wa mkutano wa kwanza, kumi na watano walikuwa wanawake, na wengi wao walivaa baibui. Kwa hiyo si kweli kwamba Waislamu hawakuwepo. Wanaume wa Kiislamu ndio ambao hawakuwepo. Tulipomuuliza mmoja wao kwa nini hakusema kwamba saa kumi watoto wako madrasa, alijibu, "Nilidhani mambo ya madrasa ni ya masheikh." Maneno hayo yametuuma, kwani sisi ndio tuliomfundisha hivyo. Mama ndiye anayejua mtoto anarudi saa ngapi, amekula nini, na dafta lake lina nini. Tukimfunga mdomo katika mambo ya dini, na sisi wenyewe tusihudhurie, ni nani atakayesema?

Mambo yanayokuja ni mazito kuliko ratiba ya darasa la saba. Sera ya elimu iliyozinduliwa mwanzoni mwa mwaka 2025 inaifanya elimu ya lazima kuwa miaka kumi, na elimu ya msingi inashuka kutoka miaka saba hadi sita. Kwa mpangilio uliotangazwa, mwaka 2027 darasa la sita na darasa la saba watamaliza pamoja, maana yake ni kwamba mikondo miwili itabisha hodi sekondari kwa mara moja. Kule pembezoni mwa mji huenda ikapatikana ardhi. Hapa Kariakoo hakuna hata upenyo wa kupitisha mkokoteni. Yatajengwa maghorofa juu ya viwanja vya kuchezea watoto, au zitarudi zamu mbili, asubuhi na mchana, au watoto watapelekwa mbali. Kila moja katika hayo linamgusa mtoto katika swala yake na katika madrasa yake: wa zamu ya mchana atasoma Qur'an saa ngapi? Mwenye kusafiri hadi nje ya mji ataswali wapi Alasiri? Na ijulikane vilevile kwamba ukuta wa shule uliotazama barabara ya Kariakoo una thamani kubwa, na wapo watu wanaouona kama fremu za maduka ambazo bado hazijatobolewa. Yawezekana fremu zikawa na manufaa kwa shule, ikiwa kodi yake inaingia katika akaunti ya shule na wazazi wanaonyeshwa hesabu. Yawezekana pia zikawa na manufaa kwa mtu mwingine kabisa. Tofauti kati ya hayo mawili ni nani aliyekuwemo katika kikao siku ile, na je, aliomba kuuona mkataba.

Hatuwataki Waislamu waende kwenye vikao hivyo kama kundi, wakae upande mmoja na kupiga kura kwa ishara. Hilo litawatia hofu wenzetu, na litageuza shule kuwa uwanja wa mashindano, nao watoto ndio watakaokanyagwa. Tunachokitaka ni mzazi aende kama mzazi. Aulize choo cha wasichana kina maji au hakina. Aulize kwa nini kitabu kimoja kinasomwa na watoto watano. Aulize madawati. Na linapofika suala la swala ya Ijumaa, hijabu, au kipindi cha dini, awe tayari anajulikana kuwa ni mtu aliyechangia katika choo na madawati, si mtu aliyezuka na jambo lake.

Kwa upande wetu, tumeafikiana na maimamu wa misikiti miwili jirani kwamba tangazo la mkutano wa wazazi wa shule yoyote ya kata hii lisomwe baada ya swala ya Ijumaa, pamoja na matangazo ya maiti na harusi. Madrasa yetu imejitolea mwalimu mmoja kwa kipindi cha dini, na muuza vitenge wa Mtaa wa Kongo ndiye anayetoa nauli yake. Kazi ya kumpata wa pili bado haijakamilika.

Wiki iliyopita tulipita tena shuleni kule. Kwenye ubao wa matangazo, chini ya kioo, iko orodha ya wajumbe wa kamati. Mzazi mmoja aliyekuwa mjumbe amehamia Mwanza, jina lake limekatwa kwa wino mwekundu, na pembeni yake pameandikwa kwa mkono kwamba nafasi hiyo itajazwa katika mkutano ujao, Jumapili ya pili baada ya shule kufunguliwa, saa nane mchana.